Impreza ya 1998 kwa mbio za vumbi: usianze kwa kuishusha

Kaka, nimekuelewa: Subaru Impreza ya 1998, hela ya kudunduliza, unataka kuishusha kwa springi fupi na kubadili difu ya nyuma (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) uanze mbio za magari za njia za vumbi hapa Tanga. Usiishushe. Springi fupi ni za lami; njia za mkonge kule Muheza zitakupasulia sampo, bakuli la oili chini ya injini, siku ya kwanza.

Toa gurudumu la nyuma, gonga kwa bisibisi pale shokapu inaposhika bodi. Chumvi ya bahari hula hapo; yangu bisibisi ilizama mpaka mpini. Pakioza, chomelea kwanza. Shokapu, bushi na bati nene la kukinga sampo baadaye.

Difu ndiyo yenye mtego. Uwiano wake, yaani propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma) inazunguka mara ngapi gurudumu likizunguka mara moja, lazima ulingane na wa difu ya mbele, iliyo ndani ya giaboksi. Nilifunga 4.44 nyuma na giaboksi ya 4.11, fundi akiniapia zinafanana, giaboksi ikafa. Piga chaki kwenye propela: magurudumu ya nyuma yakizunguka pamoja mara moja, 4.11 huizungusha mara nne na kidogo, 4.44 karibu nne na nusu.

Kizimba cha mabomba ndani, cha kukukinga gari likipinduka, usimpe mchomelea mageti, mtafute fundi anayejua kanuni za mbio. Na mazoezi usifanyie barabarani, watoto wanavuka.