Katiba Yaruhusu Lugha, Tovuti Zafungwa

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba katiba ya China inayapa makabila yote ya nchi hiyo uhuru wa kutumia na kukuza lugha zao. Imekuwaje basi tovuti za Wauighur na Wamongolia, jamii mbili za wachache nchini humo, zikafungwa? Je, kuandika kwa lugha yako ni kosa tosha?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Uhuru huo umo katika kifungu cha 4, lakini tovuti hazifungwi kwa kifungu hicho, hufungwa kwa sheria za usalama wa taifa na kwa masharti ya usajili, ambayo humbebesha msimamizi dhamana ya kila neno linaloandikwa na wageni wake. Baada ya ghasia za tarehe 5 Julai 2009 huko Urumqi, mji mkuu wa Xinjiang, jimbo la Wauighur, intaneti ya jimbo zima ilikatwa kwa takriban miezi 10, na tovuti za Kiuighur kama Diyarim, Salkin na Shabnam zikatoweka pamoja na mijadala, mashairi na matangazo ya watu. Mwaka 2010 wasimamizi wa tovuti hizo tatu walihukumiwa vifungo vya miaka 5, 3 na 10, wakidaiwa, pamoja na mengine, kutofuta upesi maandishi ambayo hawakuyaandika wao.

Hata hivyo, kuhamia Kichina si kinga. Profesa Ilham Tohti, mwalimu wa uchumi jijini Beijing, alianzisha mwaka 2006 tovuti ya Kichina ili Wauighur na Wahan, kabila kubwa zaidi la China, wazungumze. Septemba 2014 alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kosa la kutaka kuligawa taifa. Kwa maoni yangu, hukumu hiyo inaonyesha kwamba kinachoogopwa zaidi ni watu kukutana na kujadiliana.

Ndiyo maana Bainu, programu ya mazungumzo iliyotengenezwa kwa ajili ya Kimongolia na maandishi yake yanayoshuka kutoka juu kwenda chini, ilifungwa Agosti 2020, wakati hasa ambapo wazazi wa Mongolia ya Ndani, jimbo la China wanakoishi Wamongolia, walikuwa wakipinga Kichina kuchukua nafasi ya Kimongolia katika baadhi ya masomo shuleni.

Swali lako la pili, nalo, linazidi kukaribia jibu la ndiyo: mwaka 2021 Talkmate, programu ya kujifunzia lugha, iliondoa Kitibeti na Kiuighur, na yenyewe ikaeleza kuwa sababu ni sera ya serikali.