Wasomaji Wanauliza: Hivi watu wa Mamou walitoka wapi?

*Mhariri salam. Mimi Mtanzania naendesha lori, nakaa Houston, ruti yangu ni Texas na Louisiana. Kazini kuna mzee mmoja anajiita Mcajun, kwao ni kamji ka Louisiana kanaitwa Mamou. Anasema mababu zake walifukuzwa Canada na Waingereza mwaka 1755. Nimecheki kidogo nakuta Mamou imesajiliwa kuwa mji 1911. Sasa hiyo miaka mia na hamsini walikuwa wanaishi wapi? Au mzee ananipiga fiksi?* — Msomaji, Houston

Kaka, mzee hakupigi fiksi, ila kakukatishia stori. Watu wana historia yao na mji una ya kwake, na watu ni wakongwe kuliko mji kwa mbali sana.

Tuanze na watu, yaani Waakadia, maana neno Cajun ni Acadian lililokatwa tu. Wakulima wa Kifaransa walianza kuhamia Akadia, ambayo leo sehemu yake kubwa ni Nova Scotia huko Canada, kwenye miaka ya 1600. Wakajenga matuta ya kuzuia maji ya bahari wakapata mashamba safi kabisa mahali ambapo palikuwa matope ya chumvi tu, na mimi naamini hayo mashamba ndo yaliwaponza. Mwaka 1713 mkataba wa Utrecht ukaikabidhi Akadia kwa Waingereza. Waakadia wakasema sawa, tutakaa kwa amani, ila kula kiapo bila masharti kwamba tutashika silaha kumpigania mfalme wenu tukipangiwa kupigana na Wafaransa wenzetu, hilo hapana. Wakavumiliwa hivyohivyo miaka arobaini na kitu, mpaka 1755 gavana Charles Lawrence akaamua basi, waondolewe wote. Pale Grand-Pré, tarehe 5 Septemba, wanaume na vijana wa kiume 418 waliitwa kanisani kama vile wanaenda kusikiliza tangazo la kawaida, milango ikafungwa, wakasomewa kwamba ardhi yao na mifugo yao sasa ni mali ya mfalme na wao watapakiwa melini. Ikaendelea hivyo sehemu mbalimbali hadi 1763, watu zaidi ya 10,000 wakaondolewa, nyumba zikachomwa moto wasije wakarudi, na maelfu walikufa kwa maradhi na kwa meli kuzama.

Hawakupelekwa Louisiana lakini, hapa ndo wengi wanachanganya. Walimwagwa kidogokidogo kwenye makoloni ya Kiingereza kuanzia Massachusetts mpaka Georgia, Virginia ikawakataa kabisa wakasafirishwa hadi Uingereza wakashikiliwa huko, na wengine wakaishia Ufaransa, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona maishani. Louisiana walikuja wenyewe, kwa kutafuta pa kushika. Mwaka 1765 likafika kundi la watu kama 200 wakiongozwa na Joseph Broussard, maarufu kwa jina la Beausoleil, jamaa ambaye alikuwa amepigana msituni na Waingereza kwa miaka, na akafa mwaka huohuo kwenye ugonjwa wa mlipuko uliowakuta pale walipofikia. Halafu 1785 zikaja meli saba kutoka Ufaransa na watu karibu 1,600 kwa mpigo, nauli kalipa mfalme wa Hispania, maana wakati huo Louisiana ilikuwa chini ya Hispania na alikuwa anahitaji watu Wakatoliki wa kuijaza ile ardhi.

Sasa jibu la swali lako. Baada ya hapo walikaa kando ya mito na vijito, kizazi baada ya kizazi wanasogea magharibi kwenye mbuga tambarare wanafuga ng'ombe na kulima, nyumba moja hapa nyingine kule, hakuna mji. Sehemu mojawapo iliitwa Mbuga ya Mamou zamani tu, na wengi wanasema ni kwa sababu ya mmea wenye maua mekundu unaoitwa hivyo, ambao wenyeji walikuwa wanachemsha kutibu kikohozi. Mji ukaja na reli. Alikuwepo mtu anaitwa C. C. Duson, aliwahi kuwa sherifu wa parishi ya St. Landry (kule Louisiana wilaya wanaziita parishi, mpaka leo), na alipoacha kukimbizana na wahalifu akaingia kwenye biashara ya viwanja. Huyu na ndugu yake ndo walianzisha mji wa Crowley 1887, akaanzisha mji wa Eunice 1894 akaipa jina la mke wake, na 1907 akapima viwanja vya Mamou kando ya reli. 1911 ukasajiliwa. Kwa hiyo mji ule umeanzishwa na dalali wa ardhi, mzee wako hawezi kukwambia hiyo, haina ladha kama ya Grand-Pré.

*Mimi nasikiliza sana muziki wa Cajun mtandaoni. Kuna mpiga fidla wa zamani anaitwa Dennis McGee, hilo si jina la Ireland jamani? Na yule mpiga akordioni Amédé Ardoin ni Mweusi. Kwa hivyo Cajun ni nani hasa?* — Msomaji, Mombasa

Dada umeuliza swali ambalo hata wenyewe kule hawakubaliani, na Mamou ndo mahali pazuri pa kulijibia.

Parishi yenyewe inaitwa Evangeline, imekatwa kutoka St. Landry mwaka 1910, na jina limetoka kwenye utenzi wa mshairi Mmarekani Longfellow wa 1847 unaohusu msichana wa Akadia aliyetenganishwa na mchumba wake wakati wa kufukuzwa. Ukisikia hivyo unadhani hapo kila mtu ni Mwakadia. Kumbe jina la ukoo linaloongoza pale ni Fontenot, na akina Fontenot wengi mababu zao hawakutoka Akadia kabisa! Walitokana na askari wa Kifaransa wa ngome ya Toulouse, iliyokuwa Alabama ya leo, Ufaransa iliposhindwa vita 1763 wakahamia Louisiana. Familia nyingine za eneo hilo zilitoka Ufaransa moja kwa moja. Ongeza Wajerumani, Wahispania (akina Romero wa New Iberia wanajulikana), Waairishi kama hao akina McGee, wote wakaoana na majirani waliokuwa wanaongea Kifaransa na wakala chakula kilekile, baada ya vizazi viwili vitatu wanaitwa Wacajun na hakuna anayeuliza cheti. Kwa hiyo hata huyo mzee wa msomaji wetu wa Houston, huenda babu yake mmoja alikuwa Grand-Pré na wengine watano hawakuwahi kuiona Canada.

Kisheria pia wanatambulika, mwaka 1980 jaji wa mahakama ya shirikisho huko Louisiana aliamua kwamba Wacajun ni kundi la kikabila linalolindwa dhidi ya ubaguzi kazini, kwenye kesi ambayo mfanyakazi alikuwa analalamika anatukanwa kwa asili yake.

Kuhusu Weusi: wapo, na ni wengi. Wenyewe kwa kawaida wanajiita Wakrioli, lugha yao ilikuwa Kifaransa, dini Katoliki, wamelima mbuga hiyohiyo, wa kwanza waliletwa kama watumwa na wengine walikuwa watu huru toka zamani. Ardoin alirekodi na McGee kuanzia 1929, Mweusi na Mzungu kwenye sahani moja ya santuri, wakati ambapo kukaa meza moja tu ilikuwa balaa. Nyimbo za Ardoin mpaka leo ni msingi wa muziki wa Cajun na wa zydeco pia, ule muziki wa dansi wa Wakrioli. Inasimuliwa sana kwamba alipigwa vibaya na wazungu kwa sababu binti wa kizungu alimpa leso ajifutie jasho, akaharibikiwa akili, na akafia hospitali ya Pineville mwaka 1942. Mimi sipendi pale watu wanaposimulia Cajun kama stori ya wazungu waliodhulumiwa halafu hili wanaliruka.

*Mimi mwalimu wa jiografia. Naomba takwimu za idadi ya watu wa huo mji na sababu za kupanda au kushuka.* — Msomaji, Dodoma

Mwalimu shikamoo. Sensa ya 2000 Mamou walikuwa 3,566. Ya 2010 wakawa 3,242. Ya 2020 wakawa 2,936. Yaani ndani ya miaka ishirini wamepungua 630, karibu mtu mmoja kati ya sita. Weusi ni zaidi ya theluthi moja ya wakazi.

Sababu si tetemeko wala kimbunga, ni kazi. Mpunga ndo zao la pale, tangu reli ilipofika na wakulima wa kutoka majimbo ya kati wakaja na mashine, na mashine zikizidi kuwa kubwa shamba la familia kumi linalimwa na familia moja. (Kitu kizuri: mpunga ukishavunwa, mashamba mengi wanayajaza maji wanafuga kamba wadogo wa maji baridi, wale crawfish, kwa hiyo shamba moja linatoa wali na mboga yake.) Mafuta nayo yalisaidia sana, kisima cha kwanza Louisiana kilichimbwa 1901 karibu na Jennings, siyo mbali na hapo, na vijana wengi wa mbuga wakala mshahara wa mafuta kwa miaka, ila bei ilipoporomoka miaka ya 1980 jimbo zima liliumia. Kijana wa Mamou akimaliza shule leo anaangalia Lafayette au Houston. Ndo maana msomaji wetu kamkuta mzee wa Mamou kwenye lori.

Kuna kingine kimepungua kuliko watu, nacho ni Kifaransa. Katiba ya jimbo ya 1921 iliagiza shule zifundishe kwa Kiingereza tu, watoto waliokuwa hawajui neno la Kiingereza wakaanza kuchapwa au kuandikishwa mara mia mbili "sitaongea Kifaransa eneo la shule". Wasomaji wetu waliovalishwa kibao shingoni kwa kuongea kilugha shuleni hawahitaji maelezo zaidi. Wale watoto walipokuja kuwa wazazi hawakutaka wanao wapate aibu ileile, wakawalea kwa Kiingereza, na jimbo lilipoanzisha CODOFIL mwaka 1968, taasisi ya kukuza Kifaransa, mnyororo ulikuwa umeshakatika. Leo ukitaka kukisikia Mamou tafuta wenye mvi.

*Nimeona video watu wamevaa vinyago na kofia ndefu za kuchongoka, wako juu ya farasi, wanamfukuza kuku. Wanasema ni Mamou. Ni nini ile?* — Msomaji, Minneapolis

Hiyo ni Courir de Mardi Gras, inafanyika Jumanne ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu, watu wanakula na kucheza mara ya mwisho kabla Kwaresma haijaanza. Kiongozi anaitwa kapiteni, huyo havai kinyago. Anatangulia na bendera mpaka kwenye nyumba anaomba ruhusa, mwenye nyumba akikubali ndo kundi linaingia, wanaimba, wanacheza, wanaomba kitu cha kuweka kwenye sufuria la gumbo, mchuzi mzito wa kule unaoliwa na wali. Mwenye nyumba anaweza kutoa mchele au soseji lakini raha ni akirusha kuku hai, hapo ndo unaona watu wazima wanagaragara kwenye matope. Jioni wanapika, wanakula wote.

Ilikuwa imeshakaribia kufa wakati wa vita ya pili ya dunia vijana walipokwenda jeshini, Mamou wakaifufua mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ya Mamou kwa desturi wanakimbia wanaume tu. Halafu angalia, kuna sehemu nyingine inaitwa Tee Mamou, iko parishi ya Acadia karibu na Iota, nayo ina Mardi Gras yake maarufu na wanawake wanakimbia, kwa hiyo huenda video yako hata siyo ya Mamou hii.

Na kwa kaka yetu wa Houston, maana umeandika pia mzee anataka kukupeleka kwao: nenda Jumamosi. Kuna baa inaitwa Fred's Lounge, Fred Tate aliichukua 1946, na toka 1962 hivi muziki wa pale unarushwa laivu redioni Jumamosi asubuhi, matangazo yalianza na Revon Reed, mwalimu wa shule wa hapohapo, kwa Kifaransa. Baa inafunguliwa asubuhi na mchana mambo yameisha, siku nyingine mlango umefungwa. Toka kwenye barabara kuu ya I-10 pale Crowley, shika barabara namba 13 kwenda kaskazini, utapita Eunice, Mamou ni kama kilomita 16 mbele. Lori liache Houston, mtaa wenyewe ni mdogo.