Mwalimu, mbona "yo" yangu inachekesha?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi huendesha van ya watalii. Juzi nilichukua familia ya Wahispania uwanja wa ndege, nikajitutumua: "Yo hablar español poco." Mtoto wao akacheka hadi akajifunika kofia. Kamusi yasema yo ni mimi, hablar ni kuzungumza. Nimekosea wapi? – Dereva, Embakasi

Jibu: Marahaba, dereva. Ulimwambia yule mtoto "mimi kuzungumza". Hata wewe mgeni akikuambia "mimi kutaka chai" utacheka.

Kamusi hukupa kitenzi kikiwa bado na "ku" yake, ila Wahispania "ku" yao wanaiweka mkiani: -ar, -er au -ir. Ing'oe. Hablar inabaki habl-, na pale pale mkiani unapachika nafsi, ambayo sisi huitanguliza. Nazungumza ni hablo, unazungumza hablas, anazungumza habla, tunazungumza hablamos, mnazungumza habláis, wanazungumza hablan. Hiyo yo iache nyumbani. Ile o ya mwisho imeshasema ni wewe, kama na- ya "nazungumza". Ukiiongeza, unasikika kama unayebishana: mimi nazungumza, yeye je?

Abiria mzee usimwambie hablas. Kihispania hakina shikamoo. Heshima imo kwenye kitenzi. Unamsemesha mzee kana kwamba unamsema mtu mwingine: "¿Habla usted inglés?", yaani "Je, mzee anazungumza Kiingereza?" Hiyo usted ni "wewe" ya heshima. Na ukibeba watu wa Mexico, habláis isahau kabisa. Kwao "ninyi" ni ustedes, na kitenzi ni hablan, hata kwa watoto.

Vya -er na -ir vinafanana kama mapacha. Comer, kula: como, comes, come, comemos, coméis, comen. Vivir, kuishi: vivo, vives, vive, vivimos, vivís, viven. Tofauti iko kwa "sisi" na "ninyi" tu, na ndipo nilipoteseka. Nilikuwa nikizikariri kwenye matatu ya Buruburu, tumekwama Jogoo Road, comemos, vivimos, comemos, vivimos, mpaka kondakta akaniuliza kama naiombea foleni.

Soy (mimi ni) na voy (naenda) usiniulize leo. Hivyo ni vitenzi vikaidi, vina barua yao.

Safari ijayo sema: "Hablo un poco de español. Vivo en Embakasi." Halafu shika usukani vizuri, maana watakujibu kwa kasi ya ajabu.