Kabla hujaandika kwamba chumvi imeingia

Wewe unayeanza kazi ya kupima ukinzani wa ardhi ufukweni, yaani jinsi ardhi inavyozuia umeme, ili kujua kama maji ya bahari yameingia kwenye maji matamu ya chini ya ardhi, jambo la kwanza: mashine haipimi chumvi. Inapitisha mkondo wa umeme kwenye elektrodi mbili (vijiti vya chuma vilivyochomekwa ardhini), inasoma volteji kwenye nyingine mbili, basi. Chumvi ni tafsiri yako.

Maji ya bahari yana ukinzani wa takriban omu-mita 0.2 (omu-mita ndicho kipimo cha ukinzani). Mchanga uliojaa maji matamu mara nyingi husoma makumi hadi mamia. Ukijaa maji ya bahari hushuka hadi omu-mita chache tu. Pengo hilo ndilo linaloifanya kazi yetu iwezekane. Linalotuponza ni udongo wa mfinyanzi, kwani nao huweza kusoma 5 au 10 hata kama maji yake hayana chumvi ya kutisha.

Mimi uliniponza mwaka wangu wa kwanza. Niliona tabaka la omu-mita 6 nikaandika bila kusita kwamba bahari imefika. Mpango wa kisima ukasitishwa kwa neno langu. Baadaye shimo la uchunguzi lilipotobolewa, ulitoka udongo wa mfinyanzi, na chini yake mchanga wenye maji matamu. Watu walikuwa wamekosa maji kwa miezi kwa sababu ya rangi ya buluu, ile ya ukinzani mdogo, kwenye mchoro wangu. Tangu hapo sitandazi kebo kabla ya kuzungukia visima vya jirani na kupima maji yake, na kuomba kumbukumbu za uchimbaji, hata zilizoandikwa kwa mkono.

Kufuatilia mabadiliko ni kazi nyingine kabisa. Hapo elektrodi zirudi palepale, kwa mpangilio uleule; ukiweza, zifukie ziwe za kudumu. Andika saa na hali ya maji kila mara. Ukipima leo wakati wa bamvua na mwezi ujao wakati wa maji mafu, karibu na ufuko utaona “mabadiliko” ambayo ni kujaa na kupwa tu. Joto nalo lihesabu: nyuzi moja ya Selsiasi hubadilisha upitishaji umeme wa maji kwa kama asilimia 2. Na mizani ya rangi iwe moja kwa michoro yote. Nimeona programu ikijichagulia mizani mipya kila awamu, na wasomaji wakashtuka bure.

Mchanga mkavu wa juu utakusumbua. Mwagia maji kidogo kwenye kila elektrodi. Badilishana jozi ya mkondo na ya volteji kwenye baadhi ya vipimo: tofauti ya majibu ndiyo kiasi cha kosa la vipimo vyako, na badiliko dogo kuliko kosa hilo usilitangaze.

Urefu wa mstari wa elektrodi nao uupangie mapema. Kwa kukadiria, kina unachofikia ni kama moja ya tano ya urefu wake, wakati mwingine pungufu. Kanuni ya Ghyben na Herzberg inasema kila mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari hushikilia takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Basi pampu zikishusha maji nusu mita tu, mpaka wa chumvi unaweza hatimaye kupanda mita 20. Mstari wa mita 100 hautauona mpaka ulio mita 40 chini, hata ukipima kila wiki.