Mkataba wa 1825 ulitiwa sahihi na nani?
Umeandika kwamba Wacreek, taifa la wenyeji wa asili wa kusini-mashariki mwa Marekani, waliuza ardhi yao ya jimbo la Georgia wenyewe, na mkataba upo. Ndugu yangu, upo kweli, lakini tazama sahihi ni za nani. Februari 12, 1825, pale Indian Springs, chifu William McIntosh na wachache waliomfuata walitoa karibu ardhi yote iliyobaki ya Wacreek ndani ya Georgia. Baraza la taifa lao lilikuwa limeshapitisha sheria: atakayeuza ardhi bila idhini yake, adhabu ni kifo. Aprili 30 Menawa, chifu mwingine wa Wacreek, na watu wake waliizingira nyumba ya McIntosh, wakaichoma moto, wakamuua.

Kinachoniuma ni kilichofuata. Opothleyahola, kiongozi wa Wacreek, aliongoza ujumbe hadi Washington, na Januari 1826 serikali ya Rais John Quincy Adams ikakubali kuufuta mkataba ule. Walishinda kwa hoja, mezani! Ila mkataba mpya nao ulimega sehemu kubwa, na gavana wa Georgia, George Troup, binamu yake McIntosh, akapeleka wapima ardhi bila kuujali, akatishia hata vita serikali kuu ilipotaka kumzuia. Kufikia mwisho wa 1827 Wacreek hawakubakiwa na ardhi Georgia.