Bia sita za baa moja: uanze na ipi?

Umeuliza uanze na ipi kati ya bia sita ambazo baa inajipikia yenyewe, na alama uzitoeje. Anza na nyepesi, laga au ya ngano, umalizie na IPA, ile bia chungu, na stauti, ile nyeusi nzito. Ukitanguliza ile chungu, ulimi unakufa ganzi na hizo nyingine utazionea bure. Omba glasi ndogo za mililita 100 hivi, na maji ya kusukutua katikati.

Wengi hukosea kwenye ubaridi. Bia baridi kama barafu huficha ladha, kwa hiyo stauti iache kwanza ifike nyuzi 10 hadi 13, ndipo harufu ya kahawa itoke. Nusa kabla hujanywa. Ukisikia siagi, mara nyingi uchachushaji ulikatizwa mapema au mabomba ni machafu. Ukisikia karatasi iliyolowa, hiyo imezeeka. Hapo mimi nakata alama bila huruma.

Kila bia ipimwe kwa aina yake, laga haishindani na stauti. Na andika papo hapo: daftari langu lina ukurasa mzima wa glasi ya sita nisioweza kuusoma.