Jibu: Matairi ya theluji kwenye Golf iliyoshushwa

Salamu ndugu. Nimekuelewa hivi: gari yako Volkswagen Golf 7 imeshushwa sentimita 4 karibu na barabara, matairi ya kiangazi ni 225/40 R18 (upana milimita 225, ubavu asilimia 40 ya upana, rimu ya inchi 18) na yanagusa madigadi ya nyuma ukipakia watu. Sasa unauliza kama ununue ya theluji ya saizi ileile.

Usinunue. Yangu nayo imeshushwa, hapa hapa Ujerumani, na msimu wa baridi natumia 205/55 R16. Kipenyo kinabaki karibu sawa, milimita 632 badala ya 637, lakini tairi ni jembamba kwa milimita 20 na ubavu wake ni mrefu, kwa hiyo rimu inasalimika kwenye mashimo yaliyofichwa na theluji.

Kwanza kabisa angalia breki. Diski zikiwa kubwa, rimu ya inchi 16 itagonga kalipa, kile kifaa kinachobana diski. Omba uijaribishe bila tairi kabla hujalipa. Kisha soma ET, namba kwenye rimu inayoonyesha gurudumu linakaa ndani au nje kiasi gani: ikiwa ndogo, gurudumu linasogea nje kuelekea madigadi. Kama uliweka spesa (vipande vya kusogeza gurudumu nje), zitoe. Halafu jaza watu wanne, geuza usukani hadi mwisho pande zote, usikilize.

Ubavuni lazima kuwe na alama ya mlima wenye kipande cha theluji. Alama ya M+S (tope na theluji) peke yake haitoshi kisheria huku tangu Oktoba 2024. Bolti za gurudumu kaza Nm 120 (nguvu ya kukaza, kwa spana ya kupimia), rudia baada ya kilomita 50.

Mimi nina springi fupi tu. Kama yako ni koilova (springi na shokabzoba zinazorekebishwa urefu), ipandishe kidogo hadi machipuko, maana bampa la chini hulima theluji hata tairi likiwa zuri.